Mzee aliyepigana Kagera analala nje hapa Mbuyuni Moshi, tunaanzia wapi kumsaidia?

kijana_wa_mbuyuni

Wakuu habari za jioni. Nna jambo limenikaa kifuani naomba mnisaidie mawazo hasa mlioko Moshi na Arusha.

Hapa sokoni Mbuyuni kuna mzee wote tunamwita Afande, jina lake halisi hakuna mwenye uhakika nalo. Analala kwenye varanda za maduka, mchana anazunguka, huyu anampa ndizi yule chai, jioni kuna mama ntilie mmoja humkosi amemwekea makande. Umri wake nakadiria sabini au zaidi. Wafanyabiashara wa zamani wanasema alikuwa vita ya Uganda, na mimi nimekaa naye siku akiwa ametulia nikaamini kabisa coz anakutajia Mutukula, Masaka, halafu akifika Lukaya anaanza kueleza lile tope na giza na risasi zinatoka wapi hujui, hapo sauti inabadilika anaanza kutetemeka na hataki tena kuongea na mtu. Pikipiki ikipiga mshindo anajitupa chini hata kama ni kwenye maji machafu. Usiku anaita watu kwa majina, anawaambia warudi nyuma.

Hana fujo. Hajawahi kumpiga mtu. Lakini miezi hii amebadilika, anaongea peke yake muda mrefu, anasema chakula kimewekwa sumu, mguuni ana kidonda kinanuka na hataki kiguswe. Pombe anakunywa akipata. Watoto wanamrushia mawe na kumwambia apige saluti, hicho ndo kinaniuma kuliko vyote. Na sasa kuna tetesi kwamba wanaolala varandani wataondolewa wote, sijui wanapelekwa wapi.

Nimeuliza watu kila mtu na lake. Mwenyekiti wa mtaa anasema Mirembe Dodoma, mwingine anasema jeshi ndo lihusike, mwingine anasema ndugu zake wako Rombo watafutwe kwanza. Sasa mimi ni muuza mitumba tu, sina gari sina cheo, naomba mtu anayejua anieleze naanza wapi, hospitali inataka hela kiasi gani, na akikataa kwenda inakuwaje? Kuna sehemu ya kulala mtu kama huyu hapa Kilimanjaro? Na je jeshi linamtambua kweli au ni maneno tu ya mtaani?

nesi_kaskazini

Mkuu asante kwa kumuona huyo mzee. Mimi ni nesi kitengo cha afya ya akili, hospitali gani naomba nisitaje.

Kwanza achana na Mirembe kwa sasa. Mirembe ni hospitali ya taifa, mtu anafika kule kwa rufaa baada ya kushindikana huku, na kumsafirisha mzee mwenye hofu ya sumu kutoka Moshi mpaka Dodoma bila matibabu ya awali ni kumtesa yeye na kuwatesa nyie. Hapo hapo mjini mna Mawenzi, ni hospitali ya rufaa ya mkoa na ina huduma ya afya ya akili, na KCMC wana idara yao. Ningekuwa wewe ningeanza Mawenzi.

Pili, kidonda ndo mlango wako. Mzee anaweza kukataa katakata kwenda "kwa daktari wa akili" lakini akakubali kusafishiwa mguu, na akishafika ndani daktari atamuona kwa ujumla. Na lazima aonwe kwa ujumla coz mtu wa umri huo akibadilika ghafla ndani ya miezi, usikimbilie kusema ni vita imemrudia. Inaweza kuwa kidonda kimeleta maambukizi kwenye damu, inaweza kuwa sukari, kaswende ya zamani iliyopanda kichwani, VVU, alianguka akaumia kichwa, au ubongo unazeeka anapoteza kumbukumbu. Nimeona mtu amefungwa kamba na ndugu zake wakisema kichaa kumbe sukari iko juu mno. Wapime hayo yote kabla ya sindano yoyote ya kumtuliza kwa muda mrefu.

Kwa unavyoeleza kuhusu mishindo, ndoto na kuita majina, hicho ni kiwewe cha vita, kinaweza kukaa na mtu miaka arobaini na zaidi hasa kama hakuwahi kukaa na mtu akakizungumza. Hilo la sumu na kuongea peke yake ni kitu kingine juu yake, linahitaji dawa. Dawa zipo, kuna za vidonge na kuna sindano ambayo anachomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa mtu wa barabarani sindano inasaidia sana maana hana pa kutunzia vidonge. Ila sindano hizi zinaweza kumfanya akakakamaa shingo, kutetemeka mikono, kutoa mate, watu wanaona hivyo wanasema dawa zinamuua wanamuachisha. Rudini hospitali, kuna dawa ya kupunguza hayo na dozi inaweza kushushwa.

Kuhusu pombe, nakuomba sana msimkatize ghafla kwa nia njema. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, na anaweza kufa. Mwambieni daktari ukweli anakunywa nini na kiasi gani.

Halafu kitu kimoja watu wanaogopa. Siku akiwa mtulivu muulize kama huwa anawaza kufa au kujiua. Muulize wazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua.

kijana_wa_mbuyuni

Nesi Mungu akubariki, hilo la kidonda sikuwaza kabisa. Sasa hela je? Na akigoma?

nesi_kaskazini

Hela: kwa sera ya nchi magonjwa ya akili yako kwenye msamaha wa matibabu hospitali za serikali, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo naye yuko kwenye msamaha. Nenda na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema mzee huyu hana ndugu anayejulikana wala kipato, ukifika usikae foleni ya malipo, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Lakini nisikudanganye, msamaha unafuta gharama za pale, haujazi stoo ya dawa. Kuna siku utaambiwa dawa hii imeisha kanunue nje. Wafanyabiashara mkiwa na kamfuko kadogo ka dharura mtaokoa mengi.

Akigoma: kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ndugu anaweza kumpeleka, na pale ambapo hana ndugu hata polisi, afisa ustawi wa jamii, mtendaji au kiongozi wa dini wanaweza kumfikisha hospitali kama hali yake ni ya hatari kwake au kwa wengine au ametelekezwa. Akifika ni madaktari wanaamua kama alazwe. Ila nguvu iwe ya mwisho kabisa kwa mtu wa aina hii. Wanaume wanne wakimrukia kwa pamoja, kichwani kwake amerudi Lukaya. Aende na yule mama wa makande, huyo ndo anamwamini.

Mzee wa Kiboriloni

Vijana mnaongea habari za sindano tu. Huyo mzee amemwaga damu na ameona damu, kwa sisi wazee tunajua mtu akitoka vitani lazima asafishwe, arudishwe nyumbani kwao akalishwe na wazee wa ukoo wamwambie umerudi. Wengi hawakufanyiwa hivyo, walishuka kwenye malori wakaenda moja kwa moja shambani au kwenye pombe. Mtafuteni kwao.

nesi_kaskazini

Shikamoo mzee wangu. Sipingani na wewe hata kidogo. Mtu kupokelewa na watu wake na kuambiwa vita imeisha ni tiba, na mimi nimeshuhudia mgonjwa akitulia baada ya mchungaji na wazee kukaa naye. Ninachoomba ni viende pamoja, asije akafungwa mnyororo kwenye nyumba ya maombi huku kidonda kinaoza na dawa amenyimwa. Na kama kwao kuna mbege ya kutosha basi wazee mumlinde na hiyo pia.

Mzee wa Kiboriloni

Marahaba. Hapo tumeelewana.

binti_wa_askari_Sakina

Naandika toka Arusha. Marehemu baba yangu alikuwa JWTZ, akavuka Mutukula, akafika mpaka Kampala ule mwezi wa nne 1979. Alirudi mzima wa mwili. Sisi watoto tulijua kwamba baba akilala usimguse bega kumuamsha, unasimama mlangoni unamuita kwa jina. Hakuna aliyetueleza kwa nini, tulikua tu tukijua. Kwa hiyo nikisoma habari za huyo mzee najua ninachosoma.

Kuhusu jeshi sikiliza vizuri maana watu wanachanganya. Vita ile haikupiganwa na wanajeshi wa kudumu peke yao, walichukuliwa mgambo kwa maelfu, vijana wa JKT, polisi, magereza. Baada ya vita mgambo wengi walirudishwa vijijini kuendelea na maisha. Sasa kama mzee wako alikuwa askari wa kudumu aliyestaafu kwa utaratibu basi ana namba ya jeshi na pengine ana pensheni inayolipwa na Hazina. Kama alikuwa mgambo, uwezekano mkubwa hana pensheni yoyote, na hilo mimi linaniumiza mpaka leo kwa sababu risasi za Lukaya hazikuuliza nani ni wa kudumu nani ni mgambo.

Kuna na hali ya tatu ambayo nimeiona kwa rafiki wa baba. Alikuwa na pensheni kabisa, ukaja uhakiki wa wastaafu, kila mtu ajitokeze na vitambulisho na nyaraka zake, yeye kichwa kilikuwa kimeshachanganyika hakwenda, malipo yakasimama. Mke alikuwa amefariki, watoto wako mbali, kodi ikashindikana akatoka kwenye chumba. Jinsi mtu anavyoumwa ndivyo anavyoshindwa kufuatilia haki yake, na jinsi anavyoikosa ndivyo anavyozidi kuumwa. Kwa hiyo usikubali haraka mtu akikuambia hana chochote. Akiwa ametulia muulize namba yake ya jeshi, kikosi, na mwaka aliojiunga. Usishangae akakutajia namba bila kusita hata kama hajui leo ni siku gani, baba alisahau majina ya wajukuu lakini namba yake aliitaja mpaka mwisho.

Ukipata namba nenda na afisa ustawi au mtendaji, msiende kama raia mnaouliza uliza. Kwa pensheni nendeni ofisi ya Hazina ndogo hapo mkoani. Kwa aliyekuwa mgambo ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya ndo pa kuulizia kumbukumbu. Na kuna MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu, watafute wazee wa hapo Kilimanjaro, wenyewe kwa wenyewe wanafahamiana kwa vikosi, wakikaa naye nusu saa watajua alikuwa wapi na nani. Hata wasipokuwa na hela, kumuona mwenzake aliyevuka naye mto ni kitu kikubwa sana kwake.

Ila nakuomba haya ya jeshi yasitangulie hospitali. Makaratasi yanaweza kuchukua mwaka na kidonda hakisubiri mwaka.

dereva_stendi

Hao watoto wanaorusha mawe wazazi wao si wako hapo hapo sokoni? Kabla ya yote hayo kaeni nao. Hapa stendi tulikuwa na dada mgonjwa, wapiga debe tulikubaliana atakayemchezea anasimama kazi. Yaliisha siku hiyo hiyo.

kijana_wa_mbuyuni

Hilo nalifanya kesho, mwenyekiti wa soko ni mtu muelewa.

Binti wa Sakina umenitoa machozi. Nitamuuliza namba. Sasa bado swali la kulala. Tuseme ametibiwa, ametulia, ametoka hospitali, anarudi varandani?

afisa_ustawi_mstaafu

Hapo umegusa penyewe mkuu. Nimefanya kazi ya ustawi miaka mingi na nakuambia kupata kitanda hospitali ni rahisi kuliko kupata mlango wa kumpeleka akitoka. Wengi tuliowatibu walirudi barabarani, dawa ikaisha, sindano ikapitiliza, baada ya miezi michache wako vile vile, halafu watu wanasema dawa za hospitali hazifanyi kazi. Dawa ilifanya kazi yake, hakukuwa na mtu wa kumkumbusha tarehe.

Hapo hapo Moshi kuna makazi ya wazee ya serikali, Njoro. Ni kwa wazee wasiojiweza wasio na ndugu wa kuwatunza, na kuingia ni kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anafanya uchunguzi wa familia anaandika taarifa. Mtu hapelekwi tu getini. Na kusema ukweli mzee ambaye bado anaamini anawekewa sumu kwenye chakula hataweza kuishi na wazee wenzake, kwa hiyo matibabu kwanza, hali ikitulia daktari aandike, ndipo afisa ustawi apeleke maombi. Nenda halmashauri ya manispaa wiki hii hii ufungue faili lake hata kabla hajalazwa. Na faili likishafunguliwa, hao wanaotaka kuondoa watu varandani wanakuwa wanaongea na ofisi badala ya kuongea na wewe muuza mitumba.

Kwa wale wenye ugonjwa wa muda mrefu kuna Lutindi kule Korogwe, hospitali ya kanisa la Kilutheri, wagonjwa wanalima na kufanya kazi za mikono, mahali pana utulivu mkubwa milimani. Lakini ni mbali, na mimi ningependa huyu abaki karibu na mama wa makande.

mkibosho_ughaibuni

Naishi Marekani nafanya kazi kwenye nyumba ya kuhifadhi watu wasio na makazi, nao wastaafu wa jeshi ni wengi. Nilidhani nchi tajiri hii haiwezi kuwa na askari anayelala nje, nilipofika nikawakuta chini ya madaraja, waliotoka Vietnam na waliotoka Iraq.

Wanachofanya hapa ambacho naona kinafaa kufikiriwa ni kwamba hawasemi pona kwanza ndo upewe nyumba. Kuna mpango unaitwa HUD-VASH, mtu anapewa hati ya kulipiwa sehemu kubwa ya kodi, yeye anachangia kama asilimia 30 ya kipato chake, na anapewa mfanyakazi wa kumfuatilia, anampeleka kliniki, anamsaidia na makaratasi, anamgongea mlango akipotea. Mwaka 2010 walihesabiwa wastaafu wa jeshi zaidi ya 74,000 wasio na makazi kwa usiku mmoja, 2024 wakahesabiwa chini ya 33,000. Haijaisha, lakini imeshuka zaidi ya nusu.

Najua kwetu hakuna hati ya kodi. Ila chumba cha kawaida Pasua au Majengo bado ni hela ambayo wafanyabiashara ishirini wakichanga haiwaumizi. Kinachokosekana ni yule mtu wa kugonga mlango. Nipo tayari kuchangia kodi ya miezi sita ya mwanzo, natuma kupitia mtu mnayemwamini hapo sokoni, risiti ikae kwa mwenyekiti.

afisa_ustawi_mstaafu

Mkibosho umesema vizuri. Naongeza tu, chumba kisiwe cha peke yake mbali na watu. Kitafutwe kwenye uwanja wenye mama mwenye nyumba anayekaa hapo hapo, aelezwe ukweli wote tangu mwanzo, apewe na namba ya nesi. Mkimficha akaja kugundua usiku wa kwanza mzee anapiga kelele, atamfukuza asubuhi.

Na suala la pesa za mzee mwenyewe, ikitokea pensheni imepatikana, msimpe mtu mmoja mkononi kirafiki. Mahakama inaweza kumteua msimamizi wa mali ya mtu ambaye akili haimruhusu kusimamia mwenyewe. Nimeona ndugu wanaotokea ghafla siku malimbikizo yanapotoka.

kijana_wa_mbuyuni

Wakuu narudi na mrejesho kama nilivyoahidi.

Mama wa makande alikubali, tukaenda naye Mawenzi kwa bajaji, tulimwambia ukweli kwamba ni mguu. Alisita getini, mama akamshika mkono akaingia. Barua ya mtendaji ilisaidia, ustawi wa jamii wa pale walitupokea vizuri. Kidonda kimesafishwa, sukari iko juu sana kweli kama nesi alivyosema inaweza kuwa, amelazwa. Daktari wa akili amemuona, amesema wanatibu sukari na maambukizi kwanza halafu wataangalia kinachobaki. Pombe tulisema ukweli, wakamuwekea drip na vitamini. Usiku wa kwanza alisumbuka sana, wa pili akalala.

Na binti wa Sakina, nilimuuliza namba. Alinyooka kitandani akaitaja yote na kikosi juu. Nimeiandika, sitaiweka hapa. Mzee mmoja mstaafu kutoka Rau amekuja kumuona, walikaa wanaongea mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, manesi wakawaacha. Huyo mzee anasema kwa namba ile anaonekana alikuwa wa kudumu na sio mgambo, tunakwenda naye Hazina ndogo pamoja na afisa ustawi wa manispaa ambaye tayari amefungua faili.

Kilichobaki ni chumba na ndugu. Ametaja Useri na jina la mdogo wake wa kike. Kama kuna mtu wa Rombo upande huo anayefahamu familia iliyompoteza kijana wao jeshini miaka ya themanini anitafute inboksi, nitampa jina la ukoo. Na nesi, kliniki ya sukari na ya akili tunaweza kuomba ziwe siku moja? Mama wa makande akifunga biashara siku mbili anaumia.

nesi_kaskazini

Ombeni kabla hajatoka wodini, mwambieni nesi kiongozi aandike kwenye fomu ya kuruhusiwa. Mara nyingi inawezekana. Na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye simu za watu watatu, sio ya mama peke yake.

mama_Tarakea

Kijana nimekuandikia inboksi. Soma leo.